Yule mzungu mrefu kwenye picha ya baba ni Chuck Connors?

*Shikamoo mwalimu. Marehemu baba yangu alikuwa mtunza farasi kwenye ranchi moja upande wa Athi River miaka ya sitini. Alituachia picha moja ameshika hatamu za farasi, na kando yake amesimama mzungu mwenye kofia ya kikauboi. Alituachia pia mkebe wa bati wenye mkanda wa filamu ndani. Tangu utotoni tumeambiwa yule mzungu ni Chuck Connors, yule stelingi wa bunduki, na kwamba alikuja Kenya kurekodi "Cowboy in Africa". Baba mdogo anashikilia kwamba alikuwa kauboi halisi wa Texas, na kwamba Hollywood ilimtupa akafa maskini. Sasa kaka yangu amepata mtu mtandaoni anayesema familia yetu inadai pesa za marudio ya kipindi hicho, ila tumtumie kwanza ada ya kufungua faili. Mama bado yu hai na habari hizi zimemchangamsha, sitaki kumvunja moyo. Je, ni yeye kwenye picha? Ni kweli tunadai? Na huu mkanda niufanyeje?*

Marahaba, dada yangu. Nianze na lile la haraka: mwambie kaka asitume hata senti. Nitaeleza sababu huko mbele, lakini hili lisisubiri umalize kusoma.

Sasa tuje kwenye picha. Nikielewa vizuri, kinachokusumbua si jina la mzungu tu. Unaogopa kwamba asipokuwa Chuck Connors, basi baba alikuwa anawapiga fiksi miaka yote hiyo. Ondoa hofu hiyo. Kwa jinsi mambo yalivyokuwa, inawezekana kabisa baba alisema kweli tupu, na jina ndilo lililobadilika njiani.

Sababu ni kwamba mwaka 1967 zilitoka kazi mbili zenye hadithi ileile na wahusika wenye majina yaleyale. Ya kwanza ni sinema, "Africa: Texas Style". Mtayarishaji wake alikuwa Ivan Tors, mzaliwa wa Hungaria aliyejipatia jina Hollywood kwa vipindi vya wanyama, na mwongozaji alikuwa Andrew Marton. Hiyo ilirekodiwa Kenya. Inamhusu mlowezi wa Kiingereza anayeitwa Wing Commander Hayes, ambaye anawaita makauboi wawili kutoka Marekani, Jim Sinclair na mwenzake John Henry, Mmarekani asilia wa kabila la Wanavajo, waje kukamata wanyamapori kwa kamba za kitanzi ili wafugwe kama ng'ombe. Hayes aliigizwa na John Mills. Mtoto Sampson aliigizwa na Charles Malinda. Na Jim Sinclair, huyo kauboi mwenyewe, aliigizwa na Hugh O'Brian, ambaye watu walimjua tayari kwa kuwa alimwigiza Wyatt Earp, askari mashuhuri wa enzi za makauboi, kwenye televisheni tangu 1955 hadi 1961.

Ya pili ni mfululizo wa televisheni, ndio huo "Cowboy in Africa", ulioanza Septemba 1967 kwenye kituo cha ABC cha Marekani. Jim Sinclair ni yuleyule, Hayes ni yuleyule, John Henry ni yuleyule, hata aliyemwigiza John Henry, Tom Nardini, hakubadilishwa. Waliobadilishwa ni wengine: Hayes akawa Ronald Howard, mtoto Samson akawa Gerald Edwards, na Sinclair akawa Chuck Connors. Zilitoka sehemu 26, na kufikia Aprili 1968 kipindi kikawa kimekwisha.

Unaona jinsi mtu anavyoweza kuchanganya? Baba anafanya kazi na watu wa sinema ya kauboi Kenya. Miaka inapita. Mtu mwingine anaona kwenye televisheni kauboi huyohuyo, jina hilohilo, Kenya hiyohiyo, ila uso ni wa Connors. Anarudi nyumbani na kusema, "Kumbe ndiye huyu!" Tangu siku hiyo jina linabaki hilo, maana Connors ndiye aliyekuwa maarufu zaidi.

Na ule mfululizo wenyewe? Kazi yake ya kila wiki ilifanyika California. Kaskazini ya Los Angeles, kwenye bonde la Soledad, kulikuwa na shamba la wanyama lililoitwa Africa USA, ambako mfunzaji Ralph Helfer alifuga simba, tembo, twiga na wengineo kwa ajili ya kamera. Ivan Tors alilitumia shamba hilo pia kwa kipindi chake kingine, "Daktari". Sababu ni gharama na muda. Sinema unairekodi mara moja na kufunga virago. Kipindi cha televisheni kinadai sehemu mpya kila wiki, na hakuna kituo ambacho kingelipia ndege, mahema na mafundi kukaa Kenya miezi kadhaa. Basi wanafanya hivi: wanatumia picha za makundi ya wanyama zilizochukuliwa Afrika, halafu wanazishonea na picha za karibu za waigizaji walio California. Ukimwona nyumbu anakimbia mbali kwenye mbuga, kisha kamera inamrukia Connors juu ya farasi akirusha kamba, kisha inarudi kwa nyumbu, mara nyingi hao wawili hawajawahi kukutana.

Ukiipata sehemu yoyote ya kipindi hicho, itazame na mama mkiwa na jambo hilo akilini. Angalia vilima vilivyo nyuma ya waigizaji. Vile vichaka vikavu vya kijivu vilivyoshikana kwenye miteremko ni vya California, wala si vya tambarare za Kapiti, huko upande wa Athi River. Hilo halimfanyi Connors mwongo; ndivyo kazi ya televisheni ilivyokuwa. Sitaapa kwamba mguu wake haukukanyaga Kenya kwa safari yoyote ya maisha yake. Ninachokuambia ni kwamba kama baba alishika hatamu za farasi mbele ya kamera za sinema ya kauboi ardhini Kenya miaka hiyo, basi "Africa: Texas Style" ndiyo ya kwanza kufikiriwa, na mzungu wa kwanza kufikiriwa ni Hugh O'Brian.

Lakini picha itajisemea yenyewe ukiisoma vizuri. Connors alikuwa mrefu wa kupindukia, karibu mita 1.97. Nywele zake zilikuwa za rangi ya majani makavu, macho ya buluu mpauko, na taya refu lililochongoka ambalo hata kofia ikimfunika uso bado unalitambua. O'Brian alikuwa na nywele nyeusi, uso mpana kidogo, urefu wa mwanamume mrefu wa kawaida. Sasa mchukue baba kama rula. Mama anajua baba alikuwa na urefu gani, au mna koti lake au suruali yake. Kama baba alikuwa wa kimo cha wastani na wamesimama sambamba, kofia ya Connors usiihesabu, tazama bega: bega la Connors lingekuwa karibu na kiwango cha masikio ya baba. Tazama pia mabega ya farasi. Farasi wengi wa kupanda wanafika mita moja na nusu hivi begani; mtu wa Connors angemwangalia farasi huyo kwa juu bila kunyoosha shingo. Jihadhari tu kama mmoja amesimama karibu na kamera kuliko mwingine, hapo vipimo vyote vinadanganya.

Na kuna uwezekano wa tatu ambao watu huusahau. Kwenye kambi ya sinema, wenye kofia za kikauboi hawakuwa waigizaji peke yao. Kulikuwa na waliowatunza farasi, waliopanda farasi badala ya stelingi kwenye sehemu za hatari, mafundi waliojinunulia kofia kwa kujifurahisha. Mtunza farasi kama baba angekuwa na sababu zaidi ya kupiga picha na hao kuliko na nyota mwenyewe. Geuza picha. Mhuri wa studio ya picha, tarehe ya penseli, jina lililoandikwa kwa mkono, hayo yana uzito kuliko sura.

Baba mdogo naye ana mambo mawili ya kurekebishwa, na kwa kuwa hapa ndipo maisha ya Connors yanapovutia, nivumilie nikae kidogo.

Hakuwa mtu wa Texas, wala hakuwa kauboi. Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 10 Aprili 1921, kwa jina la Kevin Joseph Aloysius Connors. Wazazi wake walikuwa wa asili ya Ireland waliotokea Newfoundland. Alikuwa mtumishi wa altare kanisani, kisha kijana wa michezo, na michezo ndiyo iliyomsomesha mpaka chuo cha Seton Hall kule New Jersey. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliingia jeshini akawa mkufunzi wa vifaru.

Baada ya vita akaingia timu mpya ya mpira wa kikapu, Boston Celtics. Hapo ndipo kilipotokea kituko ambacho kimeandikwa hata na watu wasiojua kwamba aliwahi kuigiza. Tarehe 5 Novemba 1946, Celtics walikuwa wanacheza mechi yao ya kwanza ya nyumbani. Wakati wa kupasha misuli, Connors akapiga mpira ukagonga goli, na ubao wa kioo ukapasuka vipande vipande. Ndio ubao wa kwanza kuvunjwa katika historia ya ligi hiyo, ambayo leo ni NBA. Utasikia watu wakisema aliuning'inia na kuuchomeka mpira kwa nguvu mpaka kioo kikaachia. Si kweli. Lilikuwa shuti la kawaida kutoka mbali. Kioo hakikuwa kimefungwa vizuri, hakikuwekewa kipande cha raba cha kukilinda na chuma. Mechi ikachelewa wakati mtu anatumwa kuleta ubao mwingine kutoka ukumbi wa Boston Garden, ambao usiku huo ulikuwa na rodeo, yaani onyesho la makauboi la farasi na ng'ombe. Mimi hucheka kila nikifika hapo: makauboi wa kweli walikuwa mtaa wa pili, na yeye alikuwa anavunja vioo.

Kikapu hakikudumu, ni mechi 53 tu. Moyo wake ulikuwa kwenye besiboli. Mwaka 1949 aliichezea Brooklyn Dodgers, timu ya mtaani kwao, mechi moja tu. Mwaka 1951 akapata mechi 66 na Chicago Cubs, na hakung'ara. Wapo wachache sana waliowahi kucheza ligi kuu zote mbili, ya kikapu na ya besiboli, na yeye ni mmoja wao, lakini ukweli usiopakwa rangi ni kwamba katika zote mbili alikuwa mchezaji wa kawaida mwenye mdomo wa mchekeshaji. Alipenda kukariri shairi mashuhuri la besiboli mbele za watu na kufanya vituko uwanjani. Cubs wakamshusha kwenye timu yao ya Los Angeles, na kushushwa huko ndiko kulikompandisha, maana Los Angeles wenye kukaa majukwaani walikuwa watu wa sinema. Mtu wa studio ya filamu ya MGM anayechagua waigizaji akamwona, na mwaka 1952 akatokea kama kapteni wa polisi katika "Pat and Mike", pamoja na Spencer Tracy na Katharine Hepburn. Besiboli akaiacha.

Kwa miaka kadhaa alikuwa sura ya kujaza nafasi: mhalifu wa wiki hii, askari wa wiki ijayo. Kisha ikaja "The Rifleman".

Kwa sababu nyumbani kwenu mnamwita "yule wa bunduki", nikueleze bunduki yenyewe. Ni Winchester ya mwaka 1892, ile inayokokiwa kwa kishikio cha chini. Kwenye kipindi kile kishikio kilifanywa kitanzi kikubwa cha chuma, mkono wote ukapita, aweze kuizungusha bunduki kwa mkono mmoja. Tena waliweka skrubu ndani ya kitanzi, ambayo kishikio kikirudi inabana kifyatulio chenyewe. Kwa hiyo kila akikoki, risasi inatoka, bila kidole kugusa chochote. Ndiyo maana mwanzoni mwa kila sehemu anafyatua mfululizo kama cherehani. Walimu wa historia hupenda kusema kwamba hadithi inasimuliwa miaka ya 1880, na bunduki ya 1892 ilikuwa haijatengenezwa bado. Wako sahihi, na hakuna mtazamaji aliyejali.

Kipindi kilianza Septemba 1958 kwenye ABC, kikaenda mpaka Aprili 1963, sehemu 168, nyeusi na nyeupe, nusu saa nusu saa. Wakati huo televisheni ya Marekani ilikuwa imefurika makauboi. Mwaka 1959 vilikuwapo zaidi ya vipindi 20 vya namna hiyo kwenye saa za jioni. Ili utambulike ulihitaji kitu. Lucas McCain wa Connors alikuwa na viwili: bunduki, na mtoto. Alikuwa mjane analea mwanawe Mark peke yake kwenye shamba dogo New Mexico. Johnny Crawford, aliyemwigiza Mark, aliteuliwa kugombea Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, akiwa bado kijana mdogo. Maandishi ya mwanzo yalikuwa ya Sam Peckinpah, ambaye baadaye alipata sifa ya kutengeneza sinema za damu nyingi, na katika zile sehemu za awali unaona baba anaua mtu, kisha inambidi aketi amweleze mtoto. Hapo Connors aliigiza vizuri kuliko popote. Yeye mwenyewe alikuwa baba wa wavulana wanne.

Nani alimfundisha basi kuwa kauboi? Kazi. Alijifunza farasi na bunduki kama alivyojifunza kikapu na besiboli: mwili mkubwa wenye wepesi, mazoezi, kurudia. Mwanamichezo akielekezwa mahali pa kusimama na mkono uanzie wapi, anafika. Ukiangalia anavyozungusha ile Winchester, unachokiona ni mchezaji wa besiboli.

Kuhusu kutupwa na Hollywood, hapa baba mdogo ana nusu ya ukweli. Sura ikikaa miaka mitano kila wiki sebuleni mwa watu, haitoki. Watayarishaji hawamwoni tena mwigizaji, wanamwona McCain. Connors alipambana nalo. Mwaka 1962 alimwigiza Geronimo, kiongozi wa Waapache, kwa macho yake yaleyale ya buluu, jambo ambalo leo lingezua kelele na kwa haki. Mwaka 1965 alirudi kwenye ukauboi na "Branded", akiwa ofisa wa jeshi aliyesingiziwa woga vitani: kila mwanzo wa kipindi anang'olewa vifungo na upanga wake unavunjwa. Ukadumu mpaka 1966. Kisha "Cowboy in Africa", ukafa baada ya msimu mmoja. Kufikia hapo makauboi walikuwa wanachujwa na watazamaji, na kumpeleka kauboi Kenya ya California hakukumrudishia maisha.

Lakini hakupotea. Mwaka 1977 aliigiza katika "Roots", ule mfululizo wa Kunta Kinte wa Gambia na uzao wake. Alikuwa Tom Moore, bwana wa watumwa anayemnajisi Kizzy, binti ya Kunta. Ni uigizaji wa kuchukiza kwa makusudi, na ulimpa uteuzi wa Emmy. Kama nyumbani mmemjua kwa McCain tu, tazama ule, ila si pamoja na mama. Kabla ya hapo, Juni 1973, kulikuwa na kichekesho cha kidiplomasia: Leonid Brezhnev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti na shabiki mkubwa wa filamu za kikauboi, alikutana na Connors kwenye karamu ya Rais Nixon huko California, na alipokuwa anapanda ndege kurudi kwao akamwona kwenye umati, akarudi na kumrukia, na lile jitu likamkumbatia mgeni wa taifa. Connors alimpa bastola mbili za Colt kama zawadi, na Desemba mwaka huohuo akaenda Urusi kwa mwaliko wake.

Wala hakufa maskini. Alikuwa na ranchi yake Tehachapi, California, na "The Rifleman" kiliendelea kuuzwa na kurudiwa. Kilichomuua ni sigara: alivuta pakiti tatu kwa siku kwa miaka mingi, akapata saratani ya mapafu, akafariki kwa nimonia Los Angeles tarehe 10 Novemba 1992 akiwa na miaka 71. Kwenye kaburi lake zimechorwa nembo za Dodgers, Cubs na Celtics.

Haya, pesa. Najua kaka haulizi kwa tamaa. Ukisikia kipindi kinarudiwa miaka na miaka, ni haki kuuliza nani anakula. Malipo ya marudio Marekani hayatokani na kuonekana kwenye filamu tu. Yanatokana na mkataba kati ya chama cha waigizaji (wakati huo SAG, tangu 2012 SAG-AFTRA) na watayarishaji. Mwenye kulipwa ni yule ambaye kazi yake ilikuwa chini ya mkataba huo. Na hata hao, kabla ya mkataba wa mwaka 1974, walilipwa kwa idadi fulani ya marudio ya kwanza, kisha basi. Waigizaji wengi wakubwa wa vipindi vya miaka ya hamsini na sitini hawakuona senti nyingine wakati vipindi vyao vinazunguka dunia. Mtunza farasi aliyelipwa ujira wa siku na ranchi, nje ya Marekani, hakuwa kwenye mfumo huo. Tena kama baba alikuwa kwenye sinema na si kwenye mfululizo, basi huyo wa mtandaoni anadai pesa za kitu ambacho baba hakukifanyia kazi. Hiyo peke yake inakuonyesha kwamba hajachunguza chochote.

Ningebadili neno langu kwa kitu kimoja: karatasi. Kama kwenye sanduku la baba kuna mkataba wenye sahihi yake na jina la kampuni ya filamu, hata wa ukurasa mmoja, upelekee wakili ana kwa ana. Nenda na nakala, asili ibaki nyumbani. Mwulize bei ya kusoma tu karatasi hiyo na kukuambia ina maana gani, kabla hajaanza kitu kingine. Bila karatasi, hesabu hiyo ifunge. Na kama kaka ameshatuma pesa, apeleke namba na ujumbe wote kituo cha polisi na kwa kampuni ya simu leo, si wiki ijayo.

Mkanda ndio unaonitia hamu, na ndio unaohitaji mkono mwepesi. Usiutie kwenye mashine yoyote ya kuonyesha filamu, hata fundi akikuapia. Mikanda ya miaka hiyo hukauka na kusinyaa, ikikwama meno ya mashine yanaichana. Fungua bati mahali penye hewa na unuse. Ikitoka harufu kali ya siki, plastiki imeanza kuoza, na mkanda huo usikae pamoja na mingine. Pima upana kwa rula: milimita 8 ni ya kamera ya mtu binafsi, 16 ni ya habari, elimu au televisheni, 35 ni ya sinema yenyewe. Osha mikono, ikauke, shika kingo tu, na uangalie sentimita chache za mwanzo dhidi ya mwanga wa dirisha. Usitumie gundi wala seloteipu. Uhifadhi pakavu na baridi, chini kabatini, si juu ya dari ya mabati.

Ukitaka maoni yangu, ningependa zaidi uwe wa milimita 8. Mkanda wa 35 huenda ni mabaki tu ya kitu ambacho studio inacho kizima. Wa 8 huenda ulipigwa na mgeni wa kambini na kumwachia baba, na hakuna mwingine duniani.

Vyovyote iwavyo, kutoka hapo huwezi kuendelea kwa barua. Peleka bati mwenyewe kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, ile ya Moi Avenue Nairobi, uombe ushauri wa kuunakili. Wakitaka ubaki nao, usitoke bila risiti yenye mhuri na maelezo ya mkanda. Kama mpo mbali na unasafiri kwa basi, usiuache kwenye buti kwenye joto, pakata.

Kwa mama, ningemwuliza kabla ya kumwambia. Keti naye na picha, umwombe asimulie baba alivyosema mwanzoni kabisa, kabla televisheni haijaingia nyumbani. Alitaja jina? Alisema ni wa sinema au wa kipindi? Alimwona akirusha kamba? Rekodi kwa simu. Wazee wengi hukumbuka jina la farasi kuliko la mzungu, na jina la farasi nalo linasaidia. Ukimaliza, ndipo umwonyeshe picha za O'Brian na Connors bila majina, aonyeshe mwenyewe.

Halafu niandikie tena: upana wa mkanda, maneno yoyote yaliyo kwenye bati, na upande wa nyuma wa picha uupige kwenye mwanga wa mchana, bila flashi.